Baiskeli ya mazoezi ya bei nafuu: kabla ya kuuliza bei, angalia pedali

Wateja wengi wanaotuandikia WhatsApp hututumia picha ya baiskeli waliyoiona mtandaoni, na chini yake maneno mawili: "Hii shingapi?" Kwenye picha hiyo kinachoonekana vizuri kuliko vyote ni kioo, chenye kalori, mapigo ya moyo na kilomita. Sehemu ya chini imefunikwa na plastiki nyeusi, na huko ndiko pesa yako inakokwenda au inakoliwa.

Sisi tunauza baiskeli hizi na tunazitengeneza, hapa Sinza. Zinazoletwa kwa fundi mara nyingi haziletwi kwa sababu ya kioo. Zinaletwa kwa sababu krenki (mkono wa chuma unaoshika pedali) imekula uzi wake wa skrubu, beringi zinalia, mlingoti wa kiti unacheza au mkanda umelegea. Kioo kikifa unaweza kuendelea kupiga pedali hata mwaka mzima ukiangalia saa ya ukutani. Krenki ikifa, mazoezi yameishia hapo. Ndiyo maana mwenye bajeti ndogo tunamwambia alipie chuma, kioo kije baadaye kama kuna chenji.

Kwa bei za Dar za sasa, ambazo hupanda na kushuka na dola, chini ya laki tatu utapata baiskeli za kukunja zenye miguu ya umbo la X, pamoja na vile vipedali vidogo vya kuweka sakafuni mbele ya kochi. Kati ya laki nne na sita unaingia kwenye baiskeli za kawaida za kukaa wima. Kuanzia laki saba hadi milioni moja na kidogo ndipo zilipo spin za nyumbani, zile za kuinamia mbele na kupiga pedali kwa kasi, zenye fremu ya kueleweka. Hatusemi vitu vya laki tatu havifai. Kipedali kidogo kinamfaa sana bibi aliyeambiwa na daktari asiiache miguu ilale. Lakini mtu wa kilo 95 anayetaka kupunguza mwili, ukimuuzia baiskeli ya kukunja umemwibia. Na kama mfukoni kuna laki moja na nusu tu, nunua kamba ya kuruka na viatu, uendelee kudunduliza.

Pedali ya kushoto

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo zinapofia baiskeli nyingi zikiwa bado mpya.

Pedali mbili hazikazwi upande mmoja. Ya kulia hukazwa kama nati yoyote, kwa kuifuata saa. Ya kushoto ni kinyume: unaikaza kwa kuzungusha kinyume cha saa. Kiwanda hakijakosea. Uzi wa kushoto umegeuzwa makusudi, ili mguu unavyozunguka siku baada ya siku usiifungue pedali kidogo kidogo. Ukiangalia kwenye ncha ya chuma cha pedali utaona herufi imechongwa, L ya kushoto na R ya kulia. Kwenye za bei ya chini wakati mwingine ni kistika tu, nacho hubanduka ndani ya boksi.

Sasa boksi linafika nyumbani jioni. Kijana wa nyumba anajitolea kuiunga, karatasi ya maelekezo iko kwa Kichina na michoro ni midogo. Anachukua pedali iliyo karibu, anaiweka krenki ya kushoto, anakaza kwenda kulia kama alivyozoea maisha yake yote. Inaingia nusu mzunguko, inagoma. Anachukua spana, anatia nguvu, na inaingia! Kumbe kilichotokea ni kwamba pedali imejichimbia njia yake na kuikata njia ya kiwandani. Jioni hiyo kila mtu anapanda na kushangilia. Baada ya wiki pedali inaanza kuyumba, na siku moja inachomoka mtu akiwa amesimama juu yake.

Dawa ni kuanza kwa vidole. Pedali iliyokaa sawa inaingia mizunguko kadhaa bila spana na bila kugoma. Ikigoma, itoe, angalia herufi, anza upya. Paka grisi kidogo kwenye uzi. Spana ni ya kumalizia tu. Kisha, na hili wengi hawalifanyi, baada ya wiki ya kwanza rudi na spana ukaze tena: pedali zote mbili, na pia nati ya krenki iliyojificha chini ya kile kifuniko kidogo cha plastiki. Ukisikia "tk, tk" kila mguu unaposhuka, shuka. Ukiendelea kuendesha krenki iliyolegea, tundu lake linapanuka na hapo hakuna kukaza tena, ni kununua nyingine.

Ukiwa dukani, letu au la mwingine, shika krenki moja kwa kila mkono uzitikise kwa pembeni, kama unataka kuziondoa kwenye baiskeli. Zikicheza, beringi za katikati ni mbovu au hazikukazwa. Baiskeli mpya haitakiwi kucheza hata kidogo. Uliza pia saizi ya pedali. Nyingi ni inchi 9/16, ambazo mafundi wa baiskeli za kawaida wanazo. Baadhi za bei ya chini huja na inchi 1/2. Zote zinapatikana, ila hazibadilishani.

Msuguano au sumaku

Ugumu wa kupiga pedali unatoka wapi? Kwenye baiskeli nyingi za bei nafuu kuna gurudumu zito la chuma, ambalo mafundi wanaliita flaiwili, na kuna padi inayoligandamiza kutoka juu. Ukizungusha kinobu, padi inashuka na mguu unahisi mlima. Ni mfumo rahisi, fundi yeyote anauelewa, na padi ikiisha inabadilishwa kwa pesa kidogo. Ubaya wake ni kwamba padi huisha, huacha vumbi, na ikikauka inalia na kunuka kidogo ukiibana sana.

Mfumo wa pili ni wa sumaku. Sumaku zinasogezwa karibu na gurudumu bila kuligusa. Gurudumu linapokatiza mbele yake, umeme unazaliwa ndani ya chuma chenyewe na umeme huo unalivuta gurudumu nyuma. Kadiri unavyokazana kuzungusha, ndivyo linavyovutwa. Hakuna kinachosuguana, kwa hiyo hakuna kinachoisha, na sauti ni ndogo mno. Wateja huuliza, "Si itakula umeme?" Hapana. Sumaku hizi ni za kudumu. Ya kuzungusha kinobu kwa mkono haichomekwi popote, na kioo chake kinatumia betri ndogo kama za rimoti. Umeme ukikatika unaendelea. Zile zinazobadilisha ugumu kwa kubonyeza kitufe ndizo zenye mota ndani, na hizo nyingi zinahitaji adapta.

Kama unaweza kuongeza laki moja au mbili kufikia ya sumaku, ongeza. Kama huwezi, nunua ya padi yenye fremu nzuri kuliko ya sumaku yenye fremu ya kuyumba. Hapo hatubishani na mtu.

Kuhusu uzito wa flaiwili, soko limejaa chumvi. Gurudumu zito linafanya mzunguko uwe laini, mguu hausikii kukwama pale pedali inapopita juu na chini, na ndiyo maana wauzaji wanapenda kuandika namba kubwa. Tangazo linasema flaiwili kilo 20. Angalia kwenye boksi uzito wa mzigo wote: kilo 24. Fremu, kiti, usukani, krenki na miguu vyote viwe kilo nne? Haiwezekani. Hesabu hii haihitaji ufundi, na imewaokoa wengi. Baiskeli ya nyumbani yenye flaiwili ya kilo 6 hadi 8 ya kweli inatosha kwa mazoezi ya kawaida, hasa ikiwa ya sumaku. Anayetaka kusimama na kukimbia juu ya pedali atafute kilo 13 kwenda juu, na fremu inayolingana nayo.

Jambo la usalama ambalo hatuachi kulisema: spin nyingi hazina frii. Flaiwili ikizunguka, pedali zinazunguka nayo, utake usitake. Huwezi kuacha miguu ghafla kama kwenye baiskeli ya barabarani. Unapunguza taratibu, au unagandamiza kinobu chini maana ndiyo breki. Nyumba yenye watoto wadogo inunue yenye kifuniko kinachoziba mnyororo au mkanda wote, na ukimaliza kaza kinobu hadi gurudumu lisizunguke. Kidole cha mtoto kinaingia mahali ambapo hukudhani. Na akina dada mnaofanya mazoezi ndani na dera au kanga, tunawaelewa, wengi mmenunua baiskeli hasa ili msiangaliwe barabarani. Lakini pindo la dera likiingia kwenye krenki isiyo na frii, linakuvuta. Vaeni suruali ya kubana, kanga isubiri.

Mwili wako kwanza

Baiskeli ikiwa nzuri lakini haikuenei, magoti yatakwambia. Kosa la kila siku ni kuweka kiti chini sana kwa sababu mtu anataka miguu ifike sakafuni. Fanya hivi: kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Kiti kikiwa chini goti linabanwa mbele. Kikiwa juu mno kiuno kinayumba kushoto na kulia na mgongo unalipa. Mtu mrefu asinunue bila kuipanda. Kiti ambacho hakisogei mbele na nyuma tunakiuza, lakini kwa mtu mmoja wa urefu wa wastani, si kwa nyumba ambayo baba, mama na kijana wa sekondari wote wataitumia.

Mlingoti wa kiti una mstari uliochongwa, mara nyingi na neno MAX pembeni. Usiuvute kupita hapo hata kama unataka urefu zaidi, chuma kinachobaki ndani hakitoshi kukubeba. Na usidhani hili ni tatizo la vitu vya bei rahisi peke yake. Mwezi wa Mei 2023 Peloton, kampuni kubwa ya Marekani, iliwatangazia wateja wa baiskeli zaidi ya milioni mbili wabadilishe mlingoti wa kiti, kwa kuwa baadhi ilikuwa ikivunjika watu wakiwa wamekaa.

Uzito unaoandikwa kwenye baiskeli uache na nafasi. Ikiwa imeandikwa kilo 100 nawe una kilo 98, hiyo si yako. Tafuta pia kibandiko kwenye fremu. Zilizopimwa kwa viwango vya kimataifa huandikwa EN ISO 20957, na zile za zamani EN 957, pamoja na herufi. H ni ya nyumbani, S ni ya gym. Herufi inayofuata, A, B au C, inahusu usahihi wa namba za kwenye kioo, na C ndiyo ya chini kabisa. Ukiona HC ujue umepata kifaa cha nyumbani ambacho namba zake ni za kukisia, na kwa bei hizi hilo ni sawa kabisa. Tunachokataa ni mtu kununua ya H akaiweka kwenye gym ya mtaani, watu ishirini wanapokezana kwa siku, halafu arudi na lawama.

Hizo kalori nazo zisikunyime usingizi. Vioo vingi vya bei nafuu havijui kama una kilo 55 au 110, vinahesabu mizunguko tu kwa sumaku ndogo inayopita mbele ya kihisio na kuibadilisha kuwa namba. Kipimo cha uhakika zaidi ni mdomo wako: ukiwa unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, unafanya mazoezi ya wastani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za kiwango hicho kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano inakufikisha. Mwenye presha, sukari au moyo aongee na daktari wake kwanza, na mwenye magoti au mgongo mbovu aangalie zile za kukaa na kuegemea, ambazo pedali ziko mbele. Zinachukua nafasi, zinagharimu zaidi, ila hakuna anayeijutia baada ya kuikalia.

Mtumba

Mtumba wa Ulaya tunaupenda. Chuma cha zamani kilikuwa chuma. Kettler, kampuni ya Kijerumani iliyoanzishwa mwaka 1949, ilitengeneza baiskeli ambazo bado zinazunguka kimya kuliko mpya nyingi. Kampuni ya awali ilifilisika, kwa hiyo kioo kikifa usitegemee kukipata kirahisi, lakini beringi na mkanda ni vitu vya kutafutwa kwa saizi, na Kariakoo ukiwa na cha mfano mkononi hukosi.

Hatari ya mtumba iko kwenye umeme. Iliyotoka Marekani ilizoea volti 120, ya Japani volti 100, na kwetu ukutani kuna 230. Kabla ya kuchomeka soma adapta yenyewe. Ikiandikwa 100-240V haina shida. Ikiandikwa 120V peke yake, usichomeke. Nunua adapta nyingine yenye volti zile zile za kutoa na upande ule ule wa chanya na hasi. Na zile zenye skrini kubwa kama televisheni, uliza kwanza kama zinafanya kazi bila kulipia kila mwezi kwa kadi ya benki. Tumeshaona mtu amenunua kwa bei ya kutupa, akafika nyumbani, skrini ikamwomba aingie kwenye akaunti ya mwenyewe wa kwanza.

Joto na chumvi ya pwani

Baiskeli ya Dodoma na ya Mbezi Beach hazizeeki sawa. Pwani hewa yenyewe ina chumvi, na jasho lina chumvi nyingine, na vyote vinadondokea pale usukani unapoingia kwenye fremu. Ukikuta mlingoti wa usukani umeganda haushuki wala haupandi, ni kutu iliyoanzia hapo. Taulo kwenye usukani wakati wa mazoezi, kitambaa kikavu baada ya mazoezi, na kila mwezi vuta mlingoti nje, ufute, upake grisi nyepesi, urudishe. Usiiweke barazani wala kwenye roshani hata kama ina turubai. Yenye mnyororo itie mafuta kidogo na ufute yaliyozidi. Yenye mkanda usiitie kitu, mkanda na mafuta haviivani.

Kwa wanaoishi ghorofani au nyumba za kupanga zenye ukuta mmoja na jirani: chukua ya mkanda na sumaku, na uweke mpira mnene au kipande cha zulia zito chini ya miguu. Bila hivyo, hata baiskeli isiyo na sauti inapeleka mtikisiko kwenye vigae, na aliye chini anaufahamu saa kumi na moja alfajiri kabla hata hujatoka jasho. Miguu ina vizungusho vya kusawazisha. Kama sakafu si sawa vitumie, usiweke kadibodi.

Ukitaka tukushauri, tuandikie urefu na uzito wa atakayeitumia zaidi, pesa uliyonayo kwa ukweli, na upana wa mahali itakapokaa. Nyingi zinahitaji kama mita moja na robo kwa nusu mita, ongeza nafasi ya kupanda na kushuka. Tuambie pia uko ghorofa ya ngapi na kama kuna lifti, maana spin ya kilo 40 haipandi ngazi kwa mtu mmoja, na nauli ya Bajaji tunaipanga kwa hilo. Ndani ya Dar tunaiunga nyumbani kwako, tunakupimia kiti, na baada ya wiki mbili fundi anarudi na spana kukaza pedali na krenki bila malipo. Mikoani tunatuma kwa basi ikiwa ndani ya boksi lake, pedali zimeandikwa kwa maka pen KULIA na KUSHOTO, na video fupi ya kuiunga kwa Kiswahili. Kabla ya kushika spana, angalia video.